Ukurasa wa mapishi utukumbuke na sisi wa mchicha na dona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Mimi ni fundi seremala, naishi Kihonda hapa Morogoro, na gazeti lako nalisoma kila Jumamosi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi michezo. Toleo la Jumamosi iliyopita lilikuwa na makala ya daktari kuhusu shinikizo la damu na kisukari. Alituhimiza tupike nyumbani, tupunguze chumvi, mafuta na sukari, tule mboga na matunda. Makala nzuri, nilimsomea mama yangu yote. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mapishi: kuku wa kuoka kwenye oveni, krimu, jibini, uyoga wa kopo na siagi robo kilo. Kurasa hizi mbili zimepakana lakini hazisalimiani. Daktari katuambia tupike, na mwenye kufundisha upishi katufundisha pishi la siku ya harusi.

Ombi langu ni hili: ukurasa wa mapishi ufundishe chakula cha siku za kazi, kile cha Jumanne saa kumi na mbili jioni, watu wamerudi wamechoka, mfukoni mna fedha kidogo na watoto wanauliza kama ugali uko tayari. Na usimfundishe mama peke yake. Uwafundishe wote waliomo ndani ya nyumba, wanaume na vijana wa kiume wakiwemo.

Nasema hivi kwa sababu kwangu mpishi wa jioni ni mimi. Mke wangu anauza vitenge Soko Kuu la Chifu Kingalu, na hadi afunge biashara na apate usafiri, anafika nyumbani saa mbili usiku. Karakana yangu iko hatua chache kutoka mlangoni. Mama yangu mzazi anaishi nasi, na presha anayo ya miaka mingi. Tuna watoto watatu. Nilipoanza kushika mwiko, majirani walisema nimelishwa limbwata. Sikugombana na mtu. Mama alihitaji chakula chenye chumvi kidogo na kwa wakati, dawa zake hazimsubiri mtu amalize kuona aibu.

Wengi wanaamini kwamba kula vizuri ni kwa wenye uwezo. Tupige hesabu. Mtaani kwetu sahani ya chipsi mayai ni shilingi 3,000. Watu sita ni shilingi 18,000, na kabla ya kulala mtoto mmoja atasema ana njaa. Kwa upande wa pili, maharage nusu kilo ni 1,500, unga wa dona kilo moja na nusu ni 2,400, mafungu mawili ya mchicha ni 1,000, nyanya, vitunguu na karoti 1,500, papai 1,500. Jumla 7,900. Ongeza mafuta na gesi, bado hujafika 10,000. Simlaumu muuza chipsi, naye anatafuta riziki. Nasema fedha ya kula vizuri nyumba nyingi wanayo, ila inaishia kwenye kikaango cha barabarani kwa sababu saa kumi na mbili imefika na hakuna aliyeloweka maharage.

Na hapo kwenye kuloweka ndipo penyewe. Maharage yanaanza kupikwa jana yake. Usiku kabla ya kulala unayachambua kwenye ungo, unatoa mawe na yaliyoliwa na wadudu, unayaosha, unayaloweka kwenye maji mengi. Asubuhi yamevimba, ganda limelainika. Unamwaga maji yale, unaweka mapya, na jioni unayabandika na kuyafunika. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva kwa muda mfupi zaidi, na kwa mwenye mkaa au gesi, muda ni fedha. Wapo wanaotia magadi ili yalainike upesi. Kwangu magadi hayaingii, kwanza yanaharibu vitamini za kundi B, halafu yana sodiamu, ileile iliyo kwenye chumvi, ambayo mama kaambiwa apunguze.

Yakishaiva natengeneza rojo pembeni. Mafuta vijiko viwili vya chakula kwa sufuria ya watu sita, nayapima, simimini kutoka kwenye chupa kwa macho. Kitunguu maji kikilainika nafuatisha kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha nyanya, karoti iliyokwaruzwa na hoho. Nafunika, nyanya zinajiivisha kwa maji yake zenyewe. Naponda mwiko mmoja wa maharage ili mchuzi uwe mzito, ndipo nachanganya. Chumvi inakuja mwisho kabisa, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa sufuria nzima, na ndimu wakati wa kupakua. Ndimu, saumu na tangawizi vinafanya kazi kubwa, ulimi haukumbuki kwamba chumvi imepungua. Wiki za mwanzo watoto walilalamika. Sasa wakila kwingine ndio wanaosema chakula kina chumvi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Ni kwa siku nzima na kwa kila anachokula, ikiwemo chumvi iliyofichwa kwenye mkate, soseji na vile vidonge vya mchuzi vinavyouzwa dukani. Nyumba nyingi zinatia kidonge, halafu zinatia chumvi kana kwamba kidonge hakina. Halafu kiko kile kikopo cha chumvi mezani. Kwetu nilikiondoa, na mama ndiye aliyeniunga mkono wa kwanza.

Sisi watu wa Morogoro kwenye mboga hatuna cha kujitetea. Milima ya Uluguru iko juu yetu. Karoti, kabichi, njegere na mboga za majani zinashuka kutoka Mgeta na Nyandira, nyingine zinaletwa na akina mama vichwani zikiwa bado na umande. Mchicha, matembele, mnafu, majani ya maboga, majani ya kunde, mlenda, vyote viko gengeni. Tatizo liko jikoni. Mtu anakata mchicha, kisha anauosha ukiwa umekatwa, anauchemsha mpaka ubadilike rangi, anamwaga maji, halafu anaukaanga kwa mafuta ya kuogelea. Vitamini C na nyingine zinazoyeyuka kwenye maji zimekwenda na maji. Osha kwanza majani yakiwa mazima, kata, tia kwenye kitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, funika dakika chache, epua ukiwa bado kijani. Kisamvu ndicho kisichotaka haraka hii. Kina sumu ya asili, lazima kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu.

Jambo jingine dogo lakini kubwa kwa wajawazito na wasichana ambao kila wakipimwa wanaambiwa damu imepungua: kamulia ndimu kwenye mboga na maharage, na chai ya rangi usinywe pamoja na chakula. Vitamini C ya ndimu inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye majani na kunde, na chai inazuia. Isubiri chai saa moja hivi baada ya kula. Ni jambo la gharama ndogo, na ni watu wachache waliowahi kuambiwa na mtu aliyewaonyesha sahani yenyewe.

Nije kwenye dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Mahindi yakikobolewa kupata sembe nyeupe, ganda na kiini vinatoka, na humo ndimo yalimo makapimlo (nyuzinyuzi), mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini. Pumba inabaki mashineni inauzwa kwa wafugaji wa kuku, na mtoto wa mwenye mahindi anabaki na karibu wanga mtupu. Watu wanasema dona ni chakula cha jela au cha shule ya bweni. Dona iliyosagwa laini, kutoka kwenye mahindi safi, ikapikwa ikaiva, ni tamu, na inashibisha mpaka asubuhi. Masharti yake ni mawili. Saga kidogo kidogo, kwa kuwa mafuta ya kiini yanaufanya unga uchache mapema. Na chagua mahindi kwa mkono, punje yenye ukungu, iliyovunjika au iliyobadilika rangi itupwe, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufa kwa sumu hiyo. Moto wa jikoni hauiondoi. Mama yangu, pamoja na macho yake ya uzeeni, hakuna anayemfikia kwa kuchagua mahindi, anatumia vidole.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, moshi umewaumiza mama zetu vya kutosha. Lakini nenda nyumba zenye mtungi wa gesi uulize: maharage wanapika? Wengi watakwambia gesi ni ya chai na mayai, maharage yanamaliza mtungi. Kwa hiyo mtungi umeingia, na kunde zimetoka mezani. Kuloweka, kufunika sufuria, kupunguza moto maji yakishachemka, kutumia sufuria ya presha kwa aliyenayo, hayo ndiyo masomo ya kuambatana na mtungi. Ukurasa wako wa mapishi unaweza kuyabeba kuliko hotuba yoyote.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ipo tangu 1973, na mabango yake ya makundi ya vyakula nimeyaona kliniki. Yana maelezo sahihi. Ila bango linakuonyesha samaki, papai na mchicha, halikuonyeshi kipi unabandika kwanza ukiwa na jiko moja tu. Tulipokuwa shule ya msingi tulisoma Sayansi Kimu, tukapika na tukaosha sufuria. Leo nakutana na vijana wamemaliza chuo, wamepanga chumba Mafiga au Msamvu, wana jiko la gesi jipya, na wanakula chipsi mchana na usiku kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa mwiko. Ukiwauliza wanasema kwao walikuwa wanapika dada zao. Mwanamume asiyejua kupika anaukabidhi mwili wake kwa watu wasiomjua, na presha siku hizi haingoji mtu afikishe miaka sitini.

Kijana wangu wa kwanza yuko kidato cha pili. Jumatano na Jumapili jikoni ni kwake. Ugali wake wa mwanzo ulikuwa na mabonge, tuliula. Sasa anajua kukoroga uji wa chini kwanza, aache uchemke vizuri kabla hajaongeza unga, na akishasonga anapunguza moto na kuufunika uive. Bibi yake akipakuliwa huonja, humtazama na kumwambia, “Mume wangu, leo umenilisha.” Kijana anacheka, lakini Jumatano ijayo utamkuta gengeni mapema anachagua nyanya mwenyewe, anakataa zilizopondeka.

Kwa hiyo, Mhariri, nashauri kila pishi mnalochapisha liwe na mambo haya: bei ya vitu vyote siku hiyo sokoni, idadi ya walaji, muda linaokaa motoni, na kama linawezekana kwenye jiko moja bila friji. Waombeni wasomaji wa mikoa mingine nao walete. Kigoma wana mambo yao, Pwani wana samaki na nazi, Kagera wana ndizi, Singida wana mlenda ambao mimi natamani nifundishwe vizuri.

Ili nisiwe mtu wa kudai tu, natanguliza langu, la watu sita. Dagaa wakavu wa Kigoma robo kilo, toa vichwa, osha kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe, kisha wakaushe kwenye sufuria bila mafuta hadi waanze kunukia. Watoe. Tia mafuta vijiko viwili vya chakula, kitunguu kimoja kikubwa, saumu, nyanya nne, karoti moja na hoho moja. Funika hadi nyanya zipondeke. Rudisha dagaa, tia karanga zilizotwangwa nusu kikombe zilizokorogwa na maji kikombe kimoja, acha zichemke kwa moto mdogo kama dakika kumi. Onja kabla ya kutia chumvi, kwani dagaa wengine wanakuja nayo. Kamulia ndimu. Waliwe na miiba yake, ndiyo yenye madini ya mifupa, pamoja na ugali wa dona na matembele.

Msomaji wako,
Fundi seremala,
Kihonda, Morogoro