Presha ya mama, na chumvi ya jikoni kwenu

Malindi

Shoga yangu Mwanaesha,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mama alipimwa kliniki ikatoka 168/96 (ya juu 168, ya chini 96), akaandikiwa dawa, na baada ya wiki mbili ameziacha kwa kuwa "haumwi na kitu". Hapo ndipo niliposhtuka, kuliko hata zile namba. Presha haiumi. Hukaa mwilini miaka na mikaka ikiichakaza mishipa ya ubongo, moyo na figo, na mwenyewe anapika, anasali, anakwenda arusini. Anayengoja kichwa kimgonge ndipo ameze kidonge anangoja dalili ambayo huenda isije kabla ya kiharusi.

Kwanza tupate namba za kweli. Tafuta mashine ya kufunga mkono wa juu, ile ya kifundo cha mkono iache. Kabla ya kununua, chukua futi ya cherehani umpime mama mzunguko wa mkono, katikati ya bega na kiwiko. Kati ya sentimita 22 na 32, mkanda wa kawaida unamtosha. Ukizidi hapo ulizia mkanda mkubwa, maana mdogo ukiubana mkono mnene hutoa presha ya juu kuliko iliyopo. Asubuhi, kabla ya dawa na kahawa, aende kwanza msalani, kwani kibofu kikijaa nacho huipandisha. Kisha akae kwenye kiti chenye egemeo dakika 5, nyayo zote mbili chini, asipandishe mguu juu ya mwingine, na nyote mnyamaze. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, vidole viwili juu ya kiwiko. Najua mama hapendi kuvua, lakini mkono wa gauni ukikunjwa ukakaza kama kamba, kipimo kimeshaharibika. Mvishe kanga, atoe mkono mmoja tu.

Pima mara mbili, ukipisha dakika 1. Rudia jioni. Fanya hivyo siku 7, uandike kila namba, hata usiyoipenda. Za siku ya kwanza ziache, zilizobaki tafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, 135/85 na zaidi ni presha ya juu. Kliniki hesabu yao ni 140/90.

Sasa chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, na humo imo ya wali, ya mkate, ya mchuzi, yote. Nyumbani kwenu mko 6: hiyo ni gramu 30 kwa siku. Basi pakiti ya nusu kilo ukiifungua leo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Ikiisha kabla ya siku 16, mnakula kupita kiasi, na bado hujahesabu iliyoingia nyumbani bila kupita kwenye pakiti hiyo. Vile vidonge vya kuungia mchuzi, karibu nusu yake ni chumvi. Ukitia kimoja, usitie chumvi tena. Achari ya maembe ni chumvi na pilipili. Ng'onda na papa, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ndio wakubwa wao. Sikwambii mama asile papa, hatakusikia. Huyo papa mroweke usiku kucha, maji uyamwage mara mbili, umchemshe kidogo na maji hayo nayo uyamwage, kisha nazi yake isiguse chumvi kabisa. Hata hivyo chumvi haitoki yote, kwa hivyo awe wa siku moja moja. Ladha itafute kwenye ndimu, ukwaju, kitunguu thomu na bizari. Punguza kidogo kidogo. Baada ya wiki chache ulimi huzoea, na chakula cha zamani ndicho kitakachoonekana kikali. Kijaluba cha chumvi kitoke mezani leo hii.

Jambo jingine uliloliandika kwa kupita tu, mimi limenikaa: anameza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti. Dawa hizo, pamoja na ibuprofeni, huzuia maji na chumvi mwilini, hupandisha presha na kuumiza figo. Mweleze daktari, na maumivu muombee parasetamoli. Dawa ya presha yenyewe ameze kila siku saa ile ile. Akivimba miguu kwa amlodipini, au akikohoa kikohozi kikavu kwa enalapril, asiache kimya kimya. Hubadilishwa, ziko nyingi. Usingoje kidonge cha mwisho, nenda zikibaki za siku 7, hasa wakati wa kusi bahari inapochafuka. Na Ramadhani ikikaribia, muulize daktari mapema dawa ihamie futari au daku.

Siku ikisoma 180/120 bila dalili yoyote, mpumzishe, pima tena, na ikibaki hapo aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Usimwongeze vidonge wala kumwekea chochote chini ya ulimi: presha ikiporomoka ghafla, ubongo hukosa damu. Lakini mdomo ukienda upande, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakimvurugika, huenda ni kiharusi: ni hospitali mara moja, hata kama dalili zitapotea baada ya dakika chache. Tazama saa ngapi mara ya mwisho alikuwa mzima, uiandike. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya kichwa, na ninyi kutoka kisiwani Lamu mna boti ya kuvuka hadi Mokowe, bara, kwanza. Asipewe maji wala chakula, huenda akapaliwa. Asipewe aspirini, huenda ni mshipa umepasuka. Majirani watasema ni upepo mbaya. Dua isomwe, nami nitaitikia amin, lakini isomewe ndani ya boti.

Sukari ya chai ipunguzwe, na tambuu ya tumbaku nayo. Atembee dakika 30, siku 5 za wiki. Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini kwenu, alfajiri una kivuli, na punda bado hawajajaa. Akipita dukani kwa shoga zake kupiga soga, dakika hizo usizihesabu.

Ukimaliza siku 7, nitumie karatasi ya namba kama ilivyo, pamoja na majina ya dawa zote anazomeza, hata za mitishamba. Nisalimie watoto, na mama mbusu mkono kwa niaba yangu.

Shoga yako,
Rukia