Dawa ya unene iliyomfaa panya bado si dawa ya mtu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie habari zinazochapishwa kila mara kwamba mmea fulani umegunduliwa kutibu unene uliokithiri. Sina ugomvi na mimea: metformini, inayomezwa na wagonjwa wengi wa kisukari, chimbuko lake ni mmea uitwao Galega officinalis. Ninacholalamikia ni kwamba habari hizo hazisemi ni nani aliyepewa kiambata cha mmea huo, yaani kemikali iliyomo ndani yake, kwa kipimo gani na kwa muda gani.

Tuchukue mfano wa selastroli, ipatikanayo katika mizizi ya mmea wa Kichina Tripterygium wilfordii. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba panya wanene waliopewa kiambata hicho walipunguza kula na uzito wao ukapungua kwa hadi asilimia 45, kwa kuwa ubongo wao ulianza tena kuitikia leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba inatosha. Panya wasio na leptini hawakunufaika, na kwangu hilo ndilo tokeo zito kuliko yote, maana linaonyesha dawa inafanyia kazi wapi. Hata hivyo, mmea wenyewe una sumu, na anayeusoma ugunduzi huo kama ruhusa ya kuchemsha mizizi anajitafutia balaa.

Garcinia cambogia, mmea mwingine wa kupunguza uzito, nayo ilisifiwa sana, lakini ilipojaribiwa kwa watu 135, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba haikuwashinda waliomeza vidonge visivyo na dawa. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mambo yalikuwa mabaya zaidi: vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito viliwekwa kwa makosa mmea wa jamii ya Aristolochia, wanawake wengi wakaharibikiwa figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hiyo nayo iliitwa tiba ya asili.

Kwa hiyo, Mhariri, nashauri waandishi wako waeleze mapema, si katika aya ya mwisho, kama aliyejaribiwa ni panya au mtu, alipungua kilo ngapi kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa, na ini na figo zake zilipimwa au la.

Msomaji wako wa siku nyingi