Mzuie fundi kwanza

Tanga, Aprili

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila masika yamekolea na nguo hazikauki.

Umesema doa la darini chumbani kwa watoto limefika ukubwa wa sinia, na Jumamosi fundi anakuja kubandua silingi ya jipsamu aweke mpya. Nakuomba umzuie kwanza. Mimi ya sebuleni nimeibadilisha mara mbili, na mara zote doa limerudi palepale, la kahawia kama chai ya rangi iliyomwagikia kitambaa. Pesa ile inaniuma mpaka leo.

Maji yakiingia kwenye tundu la bati, si lazima yadondoke hapohapo. Hufuata papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, yakateremka na kenchi, mbao kubwa zinazobeba paa, yakikuta kifundo au mwisho wa mbao ndipo yanapodondoka. Tundu langu lilikuwa hatua tatu juu ya doa, karibu na kofia ya paa! Baba watoto alipanda darini saa saba mchana, jua kali, akizikanyaga kenchi tu, maana silingi haibebi mtu. Akazima tochi, akatulia gizani. Akakiona kitundu kinang'aa kama nyota. Kumbe msumari uligongwa bondeni mwa bati, pale maji yanapopita, badala ya mgongoni, na mpira wake wa kuzuia maji umepasuka kwa jua. Fundi aliung'oa, akaziba kwa silikoni, akagonga mwingine mgongoni wenye mpira mzima. Masika haya hata tone.

Msipoona mwanga, huenda maji yanaingia kwenye mapishano ya bati. Hapo mmoja amwage maji juu kwa mpira wa bustani, aanzie chini akipanda taratibu, mwingine awe darini na tochi, apige kelele akiona tone. Ila likidondoka hata siku za jua, bati halina kosa. Angalia mabomba na boya la simtanki.

Kinachonikosesha usingizi ni ile taa uliyosema iko karibu na doa. Shusha swichi kubwa kwenye meinswichi leo hii, na taa ile isiwashwe mpaka fundi umeme aikague. Watoto walale chumbani kwenu. Silingi ikianza kutuna kama tumbo, weka ndoo, usimame pembeni, uitoboe kwa bisibisi maji yatoke. Jipsamu iliyoshiba maji ni nzito, huporomoka bamba zima, na chini yake ndipo kilipo kitanda cha Neema.

Rangi ije mwisho kabisa, ubao ukishakauka kweli. Uanze na rangi ya mafuta juu ya doa, kwa sababu rangi ya maji peke yake hulipitisha.

Mkilipata tundu nipigie, hata usiku. Nibusie watoto.

Wako,
Mama Salum