Barua ya wazi kwa Kamanda wa Usalama Barabarani: futikamba ipite kabla neno "alichomekea" halijaandikwa

Mheshimiwa Kamanda,

Pokea salamu zetu na heshima inayostahili ofisi yako. Sisi ni watu tunaoshughulikia madai ya ajali za malori jijini Dar es Salaam, na tunakuandikia hadharani kwa kuwa barua tulizoleta mezani kwa utaratibu hazijajibiwa. Wiki hii tena, lori la kontena likikata kona ya kushoto limemlalia mwendesha bodaboda kwa tairi za nyuma za tela. Mwili haujafika mochwari, sababu ya ajali ilikuwa imeshaandikwa: "alichomekea", yaani alijipenyeza mwenyewe. Neno moja, limeandikwa na mtu aliyefika baada ya tukio, kwa maelezo ya dereva ambaye ndiye mhusika wa kwanza. Marehemu hakuulizwa. Barabara nayo haikuulizwa, wakati ilikuwa na majibu yote.

Afande, tela halipiti njia ya kichwa, ile sehemu ya mbele yenye injini na dereva. Chukua kichwa kinachozunguka kwenye nusu kipenyo cha mita 12, na tela lenye mita 8 kutoka kingipini (pini inayoliunganisha na kichwa) hadi katikati ya ekseli zake. Mzunguko ukiendelea, ekseli hizo zinahamia kwenye nusu kipenyo cha karibu mita 9. Maana yake tairi za nyuma zinakula ndani kwa takriban mita 3, karibu upana wa njia nzima ya magari. Kwenye kona ya robo duara hazifiki hapo kabisa, lakini zinakaribia, na kadiri tela lilivyo refu ndivyo zinavyozidi kuingia. Hakuna dereva wa semi asiyelijua hili. Ndiyo maana hujitanua kulia kwanza, kisha akakunja kushoto, ili tairi zisipande kingo.

Sasa simama upande wa bodaboda. Mbele yake lori limesogea kulia na nafasi pana imefunguka kushoto. Indiketa ya nyuma ya tela haiwaki, au imefunikwa na tope, au yeye ameshaipita na yuko ubavuni, na ubavu huo hauna taa hata moja. Anaona barabara iko wazi. Anaingia. Sekunde chache baadaye nafasi inafungwa kutoka nyuma, na tela halipigi honi.

Na dereva? Usukani wake uko kulia. Kabla hajaanza kukunja, kioo cha kushoto kinamwonyesha ubavu mzima wa gari. Kichwa kikishapinda, kioo hicho kinajaa ubao wa tela, na tairi za nyuma zinatoka nje ya macho yake. Ndiyo kazi ya utingo anayekaa dirisha la kushoto, kama yupo na kama hajalala. Kwa hiyo dereva anaposema "sikumwona", anaeleza jinsi alivyokunja gari la tani nyingi kuelekea mahali asipopaona. Kwetu sisi huko ni kukiri. Katika majalada tunayoyasoma, kauli hiyo hiyo inatumika kumsafisha.

Hatusemi bodaboda hakosei. Wapo wanaojipenyeza huku indiketa inawaka tangu mbali na lori limeshaanza kupinda, huyo amejitafutia. Lakini tofauti ya huyo na yule wa kwanza inapimika, na inapimika ndani ya saa moja tu, kabla gari halijasogezwa.

Upimwe umbali kutoka kingo hadi tairi ya mbele kushoto ya kichwa, kisha kutoka kingo hadi kila ekseli ya tela. Vipimo hivyo vinaonyesha dereva alianza kona akiwa wapi na aliacha uwazi wa kiasi gani. Itafutwe alama ya kwanza ya mguso: ikiwa kwenye bampa au kona ya kichwa, hiyo ni habari moja, ikiwa kwenye tairi za tela, huenda pikipiki ilikuwa tayari ubavuni wakati lori linakunja, na dereva aulizwe kwa nini hakuiona kabla. Ziangaliwe alama za tairi za tela zilizosaga lami kwa ubavu, na kama zimepanda kingo, ipigwe picha hapo hapo, maana tairi iliyopanda kingo inathibitisha kona ilibanwa mno. Indiketa zote za kushoto zijaribiwe, za kichwa na za tela, kwa kuwasha, tena mbele ya shahidi. Kioo cha kushoto kikaguliwe kilivyoelekezwa. Kisha kifaa cha kufuatilia gari: malori mengi ya mizigo yanacho, na kumbukumbu za mwendo na mahali ziko kwa mwenye gari. Ziombwe kwa maandishi siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili mtaambiwa mtandao ulikuwa chini.

Kinachofanyika sasa ni hiki: gari la kuvuta linafika, foleni inapiga kelele, lori linasogezwa, na mchoro wa ajali unachorwa baadaye ukiwa na mshale mmoja na alama ya X isiyo na kipimo. Tunajua shinikizo la foleni ya Barabara ya Mandela. Pale Tazara, Daraja la Mfugale lililofunguliwa 2018 limebeba magari ya Barabara ya Nyerere yanayokwenda moja kwa moja. Malori ya Mandela na kona zake zote yamebaki chini, pamoja na bodaboda, bajaji na watembea kwa miguu. Watu wawili wenye futikamba, chaki na simu wanamaliza vipimo hivi kwa dakika 20. Dakika 20, Mheshimiwa, kwa uhai wa mtu.

Utasema hayo ni ya mahakama. Ndiyo, lakini mahakama inasoma mlichokiandika. Sheria yetu ya ajali za vifo na mambo mengine, Sura ya 310, inaruhusu kosa ligawanywe: aliyeumia akichangia ajali, fidia inapunguzwa kwa kadiri ya mchango wake, haifutwi. Hasara ikiwa shilingi milioni 30 na mchango wake asilimia 40, anabakiwa na milioni 18. Neno "alichomekea" lisilo na vipimo linageuza 40 kuwa 100. Kampuni ya bima inasoma ripoti, inakataa kulipa, na familia inaamini kwamba jalada la polisi likifungwa haki nayo imekwisha. Haijaisha: kesi ya madai haihitaji uthibitisho mzito kama wa jinai, na aliyejeruhiwa ana miaka 3 ya kufungua madai ya uzembe. Aliyefiwa anaanza kwa kuomba mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Lakini atashinda kwa ushahidi gani, ikiwa kipimo pekee kilichokuwapo kilifutwa na gari la kuvuta?

Kuna jingine linalotuumiza. Kichwa na tela vina namba tofauti za usajili, na mara nyingi bima tofauti, pengine hata wamiliki tofauti. Ripoti inaandika namba ya kichwa tu. Miezi sita baadaye mwenye kichwa anasema tela si lake, mwenye tela anasema dereva hamjui, na mjane anazungushwa kati ya ofisi mbili. Mwajiri anawajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini, hilo halina ubishi. Ubishi ni nani mwajiri, na jibu lake liko kwenye hati ya mzigo iliyomo ndani ya kichwa siku ile. Ipigwe picha. Namba zote mbili ziandikwe, stika zote mbili za bima zihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Lori likiwa la Zambia, Kongo au Malawi, inakiliwe namba ya Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mipaka, kabla halijaachiwa, kwa sababu likishavuka mpaka hakuna atakayeliita likarudi.

Na zile karatasi za "sina madai", Afande. Majeruhi yuko wodini, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, haijajazwa yote, na mtu wa mwenye gari yuko kituoni na ndugu wa mgonjwa, laki tano mkononi na kalamu. Karatasi hiyo ndiyo inayotolewa mahakamani kuwa familia ilikwisha kuridhika. Isisainiwe kituoni. Hata kidogo.

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani tunasikia kwamba wazembe watachukuliwa hatua. Tumesikia, tumepiga makofi, tumerudi kwenye majalada na kukuta mshale mmoja na X. Hatuombi sheria mpya, wala bajeti, wala kamati.

Tulikuwa na maombi mengi tulipoanza kuandika. Ukituambia utachukua moja tu, chukua hili: toa maelekezo kwamba ajali yoyote ya lori lililokuwa likikata kona, ikiwa kuna aliyekufa au kujeruhiwa, gari lisisogezwe kabla umbali wa kingo na tairi zote za kushoto haujapimwa na kuandikwa, na nafasi ya sababu ya ajali ibaki wazi hadi vipimo hivyo viwe ndani ya jalada. Pimeni kwanza. Tunaomba mpime kwanza.

Tunasubiri maelekezo hayo yakiwa na saini yako.

Wako,
Washughulikiaji wa madai ya ajali za malori,
Dar es Salaam