Virusi vya SIDA na mtoto wa Philadelphia

Bukavu, Jumapili jioni

Dada Furaha,

Yambo sana, wewe na wa nyumbani wote kule Lubumbashi. Sauti uliyonitumia niliisikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilicheka tu. Eti wazungu wameponyesha mtoto kansa ya damu kwa kumtia SIDA! Nilitaka kukujibu palepale kwamba ni porojo, nikajizuia, kwani si porojo tupu.

Mtoto huyo yupo, Emily Whitehead. Mwaka 2012 alikuwa na miaka 6, na kansa ilikuwa imemrudia mara mbili. Madaktari wa Philadelphia, Marekani, wakitumia kazi ya mtafiti Carl June na wenzake, walimtoa damu wakachambua chembe nyeupe ziitwazo T. Hizo ndizo hushambulia kisicho chetu, ila chembe ya kansa zinapishana nayo kama ndugu njiani. Basi labo ikazitia maelekezo ya kutambua alama ya CD19 juu ya chembe iliyogeuka kansa, ikazizidisha, akarudishiwa mwilini. Aliyebeba maelekezo ni kirusi cha SIDA kilichonyofolewa kila kinachomfanya mtu augue. Umemnyang'anya mwizi panga, ukamtuma akufungulie kufuli iliyokushinda.

Haikuwa lelemama. Homa ilimpanda hadi akapumulia mashine. Kupima damu, interlukini-6, protini ya mwili inayochochea kinga na homa, imefurika. Kwa bahati nzuri, June aliijua dawa ya kuizuia, tocilizumab, kwa kuwa binti yake mwenyewe ana ugonjwa wa viungo. Dawa ya viungo, dada! Hapo husimama kila nikisoma. Emily aliamka siku anatimiza miaka 7, na kansa haikuonekana tena.

Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha matibabu hayo, bei dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Usiniulize ni faranga ngapi.

Ila yule mama jirani yako mwenye kansa ya titi, usimpe tumaini hilo. Uvimbe mgumu bado unazisumbua sana hizo chembe, asiache matibabu ya daktari wake.

Mimi jana nilikuwa nahesabu chembe nyeupe za mtoto mmoja, moto wa umeme ukakatika nikiwa kwenye sitini na kitu. Nikaivuta darubini hadi dirishani, nikageuza kioo chake kulielekea jua, nikaanza upya kutoka moja. Rangi ya Giemsa, ile tunayopaka ili chembe zionekane, ilikuwa imekaa vizuri, zambarau safi.

Shemeji aache kusambaza ile sauti. Sambaza za kweli, wale samaki wadogo wa ziwani, nimeshakuanikia kilo mbili. Mtu wa safari akipatikana tu, zinakuja.

Wako,
Bahati