Mwarobaini: jani si mafuta ya mbegu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo ambalo wengi wetu tunaoutumia mwarobaini hatulitilii maanani, nalo ni kwamba jani, gome na mbegu ya mti huu ni vitu vitatu tofauti, ingawa vyote tunaviita dawa moja.

Uani kwetu hapa Tanga umo mwarobaini ambao majirani huja kuuchuma, huyu akitaka kijiti cha mswaki, yule majani ya kumwogeshea mtoto mwenye tetekuwanga, na sijawahi kumkatalia mtu. Mwezi uliopita, hata hivyo, alikuja mama mmoja na kichupa cha mafuta ya mwarobaini alichokinunua gulioni, akaniuliza mwanawe wa miezi saba, mwenye homa, ampe matone mangapi. Nilimsihi asimpe hata tone moja, ampeleke zahanati. Akanitazama kama mchoyo.

Mafuta hayo hukamuliwa kwenye kiini cha mbegu. Ndimo mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui alimotenga kemikali ziitwazo nimbini na nimbidini mwaka 1942, na ni kwenye mbegu hizo hizo kemikali iitwayo azadiraktini hupatikana kwa wingi kuliko kwenye majani. Azadiraktini humfanya mdudu asusie chakula, tena humvuruga wakati wa kujivua gamba hata afe kabla hajapevuka. Ndiyo maana mkulima anayetwanga mbegu, akaziloweka usiku kucha, akachuja na kunyunyizia maji yake jioni, kwa kuwa jua huiharibu kemikali hiyo upesi, huweza kupunguza viwavi shambani bila kununua sumu ya dukani. Kwa maoni yangu, katika kazi zote arobaini tunazoutwisha mti huu, hii ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi.

Kumnywesha mtoto mafuta hayo ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini wakatapika, wakalegea kwa usingizi na kushikwa na degedege, ini na ubongo vikiwa vimeathirika. Mjamzito naye ajiepushe nayo, maana yameonekana kuharibu mimba za wanyama wa maabara.

Najua nitaambiwa kuwa wazee walitibu malaria kwa majani ya kuchemsha. Ni kweli kwamba gedunini, kemikali nyingine ya mti huu, huua vimelea vya malaria katika vyombo vya maabara. Lakini anayekunywa bakuli la majani hajui amekunywa kiasi gani cha kemikali hiyo, na siku mbili anazosubiri uchungu ule ufanye kazi ni siku mbili za kuchelewa kupima na kupata dawa mseto.

Ombi langu kwa wanaotengeneza na kuuza mafuta haya ni dogo: waandike kwenye chupa, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, kwamba yametokana na mbegu, ni ya kupaka tu, na asinyweshwe mtoto. Kichupa cha yule mama hakikuwa na maandishi yoyote zaidi ya bei. Kilikuwa na picha ya jani.

Msomaji wenu,
Tanga