Risala ya Wanafunzi wa Mwaka wa Tatu, Kitivo cha Elimu, kwa Mgeni Rasmi wa Wiki ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Mkuu wa Kitivo cha Elimu,
Wahadhiri, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Karibu sana. Risala ya mwaka jana iliomba mabweni na maji. Mahitaji hayo bado yapo, lakini safari hii tumekubaliana tulete jambo moja tu: chuo kinajuaje kwamba tumejifunza?

Mwaka wa pili tulifanya mtihani wa mbinu za kufundishia. Swali mojawapo lilitutaka tueleze umuhimu wa zana za kufundishia. Jibu tulikuwa nalo kichwani neno kwa neno, maana swali la aina hiyo lilikwishajirudia katika mitihani ya nyuma, na desa lake, yaani notisi za kukariri, lilizunguka bwenini wiki nzima. Wengi tulipata A. Miezi michache baadaye tukaenda kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Mwenzetu mmoja, aliyefaulu somo hilo kuliko wengi wetu, alisimama mbele ya Kidato cha Pili chenye wanafunzi zaidi ya sabini, akafundisha siku nzima bila kujua kama kuna aliyeelewa. Jioni alituambia kwa uchungu kwamba hajui kuuliza swali la kupima uelewa. Darasani tulifundishwa hilo, na yeye aliliandika vizuri kwenye mtihani. Hakuna aliyewahi kumtazama akilifanya.

Mhadhiri alipofika shuleni, akaketi dawati la nyuma na fomu ya tathmini. Kipindi kilipokwisha alimwonyesha kwamba kila alipouliza swali alilijibu mwenyewe kabla mkono wowote haujanyooshwa. Dakika themanini za kutazamwa zilimfaa mwenzetu kuliko mihula mitatu ya mitihani.

Mheshimiwa, tunaloliomba si geni nchini. Mfumo wa tuzo za kitaaluma, yaani vyeti na shahada, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania unataka kila programu itaje matokeo tarajiwa ya ujifunzaji, yaani mhitimu ajue nini na aweze kufanya nini. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Hizo ni saa 3,600 za maisha ya kijana. Ndani yake, saa ambazo mtu ametutazama tukifanya kazi ambayo cheti kitasema tunaiweza ni chache mno. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamikia mitihani inayopima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yanapotakiwa. Karatasi zetu bado zinapima hivyo hivyo.

Tulitaka kuhakikisha kwamba hatumwonei mtu. Tukakaa maktaba na muhtasari wa kozi moja, tukaupanga kando ya mitihani yake iliyopita. Muhtasari unasema mwanafunzi ataweza kuandaa, kufundisha, kupima na kurekebisha. Mitihani inasema eleza, fafanua, jadili.

Sababu tunaijua, na hatuwalaumu wahadhiri wetu. Mhadhiri mmoja anapobeba wanafunzi mia nne katika ukumbi mmoja, hawezi kumtazama kila mmoja akifundisha, wala hawezi kurudisha kila karatasi ikiwa na maelezo. Anatunga swali linalosahihishika. Tukipata alama za majaribio baada ya mtihani wa mwisho, hazitusaidii tena. Na fomu za kutathmini ufundishaji tunazijaza kila mwisho wa muhula, lakini hatujawahi kuambiwa zilibadilisha nini.

Na sisi tuna deni letu. Kazi ya kikundi cha watu kumi hufanywa na wawili, wengine wakaandikisha majina. Siku hizi wapo wanaokabidhi insha iliyoandikwa na akili unde bila kuisoma hata mara moja. Tunalisema mbele ya wazazi wetu kwa sababu tukidai kupimwa kwa haki, lazima tukubali kupimwa kweli.

Wengi wetu tunasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na tukiajiriwa tutaurejesha kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara. Fedha hiyo imetokana na kodi ya wananchi, akiwemo mama lishe aliye nje ya geti letu. Kila mahafali hutangazwa idadi ya wahitimu. Mama huyo anastahili kuambiwa pia wahitimu hao wanaweza kufanya nini, maana ndio watakaomfundisha mwanawe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunakuomba utusemee kwa wenye mamlaka ili kitivo kipate wahadhiri wasaidizi wa kutosha, wanafunzi wagawanywe katika makundi madogo, na kila mmoja afundishe akitazamwa kabla hajapelekwa shuleni. Kwa uongozi wa chuo, tunaomba karatasi za majaribio zirudi kabla ya mtihani wa mwisho, na majibu ya fomu zetu yabandikwe ubaoni pamoja na hatua zilizochukuliwa. Tunaomba pia wahitimu wafuatiliwe walipo, na wakuu wa shule waulizwe wanawaonaje.

Jedwali tulilolitengeneza maktaba tumeliambatanisha na risala hii. Safu ya kwanza ina ahadi za muhtasari, ya pili ina maswali yaliyotungwa. Ya tatu, inayouliza ahadi hiyo ipimwe vipi, tumeiacha wazi, na Jumatano saa nane tutakuwa ukumbi wa semina kuijaza pamoja na mhadhiri yeyote atakayekuwa tayari.

Tunaomba kuwasilisha.